Finjani Sijaitikisa

Mezani palikuwa na dele la kahawa,
sahani ya tende zilizonyunyiziwa ufuta,
na karatasi moja, imelazwa kifudifudi
kama karata ya mtu asiye na haraka.

Mudiri Sulaim aliniuliza habari za amonia.
Nikamwambia: ikivuja hainong'oni, inakuzaba kofi la pua.
Akacheka. Akauliza, jokofu likigoma usiku
na ndani mna tani kumi na nane za khalas?
Nikamjibu kwa mikono. Mikono yangu husema
kuliko Kiarabu changu cha chuoni,
chenye maneno mengi ya pepo na moto
na machache mno ya kompresa.

Ndipo akaipindua karatasi.
Mia tatu na themanini.
"Rial," akaongeza,
kama vile ningedhani kokoto.

Lakini mimi nilikwisha kujua.
Langoni, saa tatu kasorobo,
Biju, anayerudi kwao Kerala,
sanduku lake limekazwa kwa kamba ya manila,
aliyatazama mabuti yangu, akauliza: ni wewe?
Akaandika kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha pikapu:
540.
Kisha akapangusa kwa kiganja,
kama mtu anayesafisha kioo tu.

Wakala wa Kariakoo aliniusia:
ukifika Barka sema alhamdulillahi, tia sahihi.
Mgeni hapangi bei.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, sawa;
ila sijasikia popote
kwamba mgeni naye augue.

Alhamdulillahi niliisema, kwa moyo wote.
Sahihi sikutia.

"Mia tano na arobaini," nikasema,
"na chumba chenye dirisha."
Nikafunga mdomo.

Hapo ndipo penye kazi.
Ulimi ulitaka kwenda kumwokoa yule bwana,
ulitaka kusema samahani,
ulitaka kusema hata mia nne si haba.
Nikaubana kwa meno.
Kiyoyozi ukutani kilikuwa kinakoroma;
nilisikia beringi yake imekwisha,
imebakiza wiki mbili, labda tatu.
Ningemwambia.
Lakini hiyo nayo ni kazi, na kazi ina bei.

Kijana wa kahawa akamimina.
Huku, finjani usipoitikisa, hujazwa tena.
Siku yangu ya kwanza sikulijua hilo,
nikanywa tisa kwa adabu, nikakesha hadi alfajiri.
Leo nalijua.

"Mia nne na ishirini."
Nikanywa. Nikanyoosha finjani.
"Mia nne na hamsini, na baada ya mwaka
tutaangalia, inshallah."
Nikanywa. Nikanyoosha. Iliki ilinikaa kooni.
Kijana akamtazama bosi, akanitazama mimi,
akamimina nusu.

Bi Thuraiya wa hesabu, kimya tangu asubuhi,
alikuwa anapanga kalamu zake kwa rangi.
Bila kuinua uso, akasema kwa Kiswahili,
Kiswahili cha bibi yake, kingali na harufu ya Wete:
"Muulize ya usiku, mwanangu."
Ananizidi miaka miwili, mitatu hivi.

"Na nikiitwa usiku?" nikauliza.

Mudiri akamtazama Thuraiya. Akatazama dari.
Kiyoyozi kikakohoa, kikanisaidia.

Mia nne na tisini.
Saa za usiku zihesabiwe mbali, ziandikwe.
Dirisha lipo, linatazama jenereta.

Hamsini zimebaki mezani, najua.
Nilizitafuta usoni mwake, sikuziona,
au niliziona nikachoka.
Nikaitikisa finjani, kushoto, kulia.
Kijana akashusha pumzi, akalitua dele.

Nje, vumbi lilikuwa limesharudi kwenye kioo.
Nikaandika: 490.
Chini yake: usiku mbali.
Nikatafakari kidogo, nikaongeza: waliweza zaidi.

Sikupangusa.